Kabla ya kubadilisha kompyuta, fundi avae hedifoni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba dawa ya kompyuta nzito maofisini ni moja tu, nayo ni kuziondoa zote na kununua mpya. Sipingi kwamba kompyuta huzeeka. Ninachopinga ni hilo neno "tu", hasa kwa kuwa aliongeza, nadhani kwa nia njema, kwamba wafanyakazi wasioona ndio wanaoteseka zaidi na ndio watakaofaidika wa kwanza. Mimi ni mmoja wao. Ni mtunza kumbukumbu nisiyeona kabisa, nimefanya kazi kwa kisoma skrini miaka mingi, na kompyuta iliyonitesa kuliko zote maishani mwangu ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi siku hiyohiyo.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana nacho, kisoma skrini ni programu inayochukua yale ambayo wengine huyaona kwenye kioo cha kompyuta na kuyatamka kwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole. Kipanya kwetu hakina kazi. Karibu kila kitu hufanywa kwa vitufe vya kibodi. Zinazojulikana zaidi katika ofisi zinazotumia Windows ni JAWS, iliyoanza mwaka 1989 enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, kwa juhudi za Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uoni katika ajali ya gari, na NVDA, ambayo Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, aliianza mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure mpaka leo. Windows yenyewe huja na Narrator. Nayaeleza haya kwa sababu mafundi kadhaa niliokutana nao walidhani kisoma skrini ni aina fulani ya spika.

Uzito wa kompyuta kwetu una maana tofauti na uzito anaouzungumzia mtu anayeona. Yeye akifungua folda yenye mafaili mia mbili, jicho lake huruka moja kwa moja hadi kwenye lile analolitaka, na hata kompyuta ikisitasita kidogo, hasara yake ni ile ya kusubiri mara moja. Mimi husikia majina hayo moja baada ya jingine, na kila jina lina kitufe chake cha kubonyezwa. Tunafidia upungufu huo kwa kasi: wengi wetu tuliozoea tumeiweka sauti iende mbio kiasi kwamba mgeni akiisikia haambulii hata neno. Lakini mbio hizo zina faida pale tu sauti inapojibu papo hapo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu huhisi kompyuta imemjibu papo hapo ikiwa jibu limekuja ndani ya moja ya kumi ya sekunde. Mimi nisiyeona naweza kuthibitisha kwamba masikio yana ukali huohuo, na pengine zaidi. Tufanye hesabu nyepesi: nikibonyeza vitufe elfu nne kwa siku, idadi ambayo kwa kazi ya masijala si kubwa, na kila kitufe kikachelewa kujibiwa kwa nusu sekunde tu, nimepoteza zaidi ya nusu saa nikisikiliza ukimya.

Na muda ndio hasara ndogo. Kompyuta inaponyamaza, sina njia ya kujua kama haikukisikia kitufe changu au imekisikia na bado inahangaika. Mwenzangu anayeona huona kile kiduara kinachozunguka; mimi sioni kitu. Nikibonyeza tena, na binadamu yeyote atabonyeza tena, mabonyezo yanapanga foleni, na kompyuta inapozinduka huyatekeleza yote kwa mkupuo. Kwa njia hiyo nimewahi kufuta barua pepe tatu nilipokusudia kufuta moja, na mkuu wangu wa kazi alipouliza, fundi akajibu kwa dhati kabisa kwamba kompyuta ilifanya kile nilichoiamuru. Alisema kweli. Hata hivyo kuna ucheleweshaji mbaya kuliko huo, ule wa sauti kubaki nyuma ya mshale kwa hatua moja: sikio linasikia jina la safu ya tano wakati mshale umeshafika ya sita, na mtu anabonyeza Enter kwa imani. Yuko mfanyakazi mahali fulani ambaye tathmini yake ya mwaka imeandikwa "hayuko makini" kwa sababu ya jambo hili, na wala mwenyewe hajui ajitetee vipi.

Sasa nirudi kwenye ile kompyuta mpya. Niliipokea kwa furaha, na fundi aliyeileta, kijana mstaarabu sana, alikuwa ameniandalia mambo mawili kama zawadi. La kwanza, alinichagulia sauti nzuri, ile ya kisasa inayopumua na kupandisha na kushusha kama mtangazaji wa redio, badala ya ile sauti yangu ya zamani inayofanana na nyuki ndani ya kopo. La pili, aliniletea hedifoni zisizo na waya. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeshindwa kazi. Kila kitufe kilijibiwa kwa kuchelewa, na neno la kwanza la kila sentensi lilikatika kichwa, "futa" ikawa "ta" na "hifadhi" ikawa "fadhi". Nililalamika. Fundi akarudi, akazima kisoma skrini kwa kuwa kelele zake zilimkera, akafungua programu tano kwa pamoja, akaona zinafunguka kama umeme, akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, mbona iko sawa?" Tulirudia mchezo huo mara tatu. Mara ya tatu alipiga Windows upya, kama mafundi wanavyosema, yaani aliifuta na kuiweka tena, na nikapoteza mipangilio yangu yote bila tatizo kusogea hata inchi moja.

Kosa lake halikuwa la ujinga wala dharau. Alipima kompyuta kwa macho, na kwa macho haikuwa na ugonjwa. Tena, na hili naomba wakuu wa vitengo vya TEHAMA walisome mara mbili, fundi anayezima kisoma skrini ili apime kasi anakuwa amepima kompyuta nyingine kabisa. Vivinjari kama Chrome haviandai maelezo kamili ya ukurasa kwa ajili ya visoma skrini mpaka vitambue kwamba kuna programu ya namna hiyo inayahitaji. Kikitambua, kivinjari hubeba kazi ya ziada ambayo mtumiaji anayeona haimhusu. Ukizima kisoma skrini na kuanza upya, mzigo ule unatua na kompyuta inakwenda mbio, kisha fundi anaondoka, mimi nawasha kisoma skrini changu, na mzigo unarudi kichwani. Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake waliiona hali hii kabla ya kompyuta kubuniwa.

Sauti ile ya mtangazaji ndiyo iliyokuwa mshtakiwa wa kwanza. Sauti zinazofanana sana na za binadamu hutengenezwa kwa hesabu nyingi zaidi, na baadhi yake hutanguliza kimya kidogo kabla ya neno, jambo lisilomsumbua anayesikiliza hadithi lakini linalomuua anayepita kwenye orodha. Ile inayokuja na NVDA, eSpeak NG, ambayo inasema Kiswahili pia japo kwa lafudhi ya chuma, ni mbaya masikioni na nyepesi ajabu: unabonyeza, inasema, unabonyeza tena, inakatisha neno la kwanza na kusema la pili. Uwezo huo wa kukatishwa katikati ya neno ni muhimu sawa na uwezo wa kusema. Hivyo hatua ya kwanza kabisa ya uchunguzi, isiyohitaji bisibisi wala idhini ya mtu, ni kubadilisha sauti kwa dakika tano na kusikiliza kama kompyuta imepona.

Mshtakiwa wa pili alikuwa hedifoni. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth hufungashwa, hurushwa na kufunguliwa upande wa pili, na safari hiyo peke yake yaweza kuzidi ile moja ya kumi ya sekunde niliyoitaja. Zaidi ya hayo, vifaa vingi vya sauti, vya waya na visivyo na waya, hujilaza usingizi vikikaa kimya sekunde chache ili kuokoa umeme, na neno linalofuata huvikuta ndiyo kwanza vinaamka. Ndiyo maana vichwa vya maneno yangu vilikatwa. Matoleo ya karibuni ya NVDA yana mpangilio wa kukiweka kifaa cha sauti macho kwa muda baada ya kila usemi. Hedifoni ya waya ya kawaida kabisa iliyochomekwa kwenye tundu lake ilimaliza nusu ya mateso yangu siku hiyohiyo.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda, nalo halijaniangusha mara nyingi. Windows ina mpangilio wa kutoa mlio kila Caps Lock au Num Lock inapobonyezwa. Mlio huo hutolewa na Windows yenyewe bila kupitia kisoma skrini. Ukiuwasha kisha ukabonyeza Caps Lock, sikiliza nani anatangulia. Mlio ukija mara moja huku sauti ya kisoma skrini ikija baadaye, mwili wa kompyuta hauna neno. Chunguza kisoma skrini na sauti yake. Mlio wenyewe ukichelewa, shaka iangukie njia ya sauti, yaani hedifoni, spika na kiendeshi cha sauti, au mfumo mzima ulioelemewa. Baada ya hapo fungua Notepad, ile programu nyepesi ya kuandikia inayokuja na Windows, uandike mstari mmoja, kisha uandike mstari uleule ndani ya Word, kisha ndani ya kisanduku cha barua pepe kwenye kivinjari. Notepad ikijibu haraka na Word ikasuasua, huna sababu ya kulaumu prosesa.

Kisoma skrini chenyewe hakina budi kukaguliwa pia, na hapa nasi watumiaji tuna dhambi zetu. Tunapakia nyongeza moja baada ya nyingine, hii ya kutafsiri, hii ya kutangaza asilimia ya betri, hii tuliyoletewa na rafiki, mpaka programu inabeba mzigo kama lori la mkaa. NVDA inaruhusu kuanzishwa upya bila nyongeza yoyote: bonyeza Insert na Q, kisha chagua njia hiyo kwenye orodha inayotokea. Kompyuta ikiwa nyepesi ghafla, mwizi yumo miongoni mwa nyongeza, na kazi iliyobaki ni kuzirudisha moja moja. Hakikisha pia kwamba havizungumzi visoma skrini viwili kwa pamoja. Narrator huwashwa kwa Ctrl, kitufe cha Windows na Enter, vitufe ambavyo mtu huvigusa kwa bahati mbaya, na viwili hivyo vikipokezana neno ofisi nzima huwa kama soko la samaki. Ugonjwa mwingine ni wa kiutawala zaidi kuliko wa kiufundi. Ofisi nyingi haziruhusu mfanyakazi kusakinisha kitu, jambo ambalo nalielewa, lakini kivinjari hujisasisha chenyewe kila baada ya wiki chache wakati kisoma skrini kimebaki toleo la miaka mitatu nyuma kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kukisasisha. Programu hizi mbili zinaongea lugha moja, na mmoja wao akibaki na lugha ya zamani mazungumzo yanakuwa ya kusitasita.

Niseme kidogo juu ya kivinjari, maana ndipo kazi nyingi za ofisi zilikohamia. Ukurasa wa tovuti unapofunguka, kisoma skrini hutengeneza nakala yake ya maandishi ndani ya kumbukumbu ili tuweze kuupitia mstari kwa mstari, kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, kutafuta kitufe au jedwali. Ukurasa wenye jedwali la safu elfu kumi unaoonekana kwa jicho katika sekunde mbili waweza kuninyamazia nusu dakika, kwa kuwa jicho halisomi safu zote lakini nakala yangu sharti iwe nazo. Mara nyingi tiba iko ndani ya mfumo wenyewe wa ofisi: kuonyesha safu hamsini kwa kila ukurasa badala ya zote. Nyingine ni kubadilisha kivinjari. Mwaka 2023 Firefox, kuanzia toleo la 113, ilijengewa upya sehemu inayozungumza na visoma skrini, na tofauti katika kurasa nzito ilikuwa kubwa. Kwa wanaopenda kujua, mmoja wa wahandisi wa kazi hiyo ni James Teh, yuleyule aliyeshirikiana na Curran kuijenga NVDA. Sisemi kila mtu ahamie Firefox. Nasema fundi afungue ukurasa unaolalamikiwa katika vivinjari viwili, kisoma skrini kikiwa kimewashwa, kabla ya kuandika ombi la kununua chochote. Na kama mtumiaji ana vichupo arobaini vilivyofunguliwa tangu Jumatatu, avifunge. Hilo halihitaji fundi.

Kwa upande wa Word na Excel, nimekutana na sababu mbili zinazojirudia kuliko nyingine zote. Katika mipangilio ya NVDA ya namna ya kusoma nyaraka, mtu anaweza kuagiza atajiwe aina ya herufi, rangi, mtindo, makosa ya tahajia, mabadiliko ya wahariri na kadhalika, na upo mpangilio wa kutambua mabadiliko ya umbizo yaliyo mbele ya mshale, ambao waundaji wenyewe wa NVDA wameonya kwamba unaweza kuipunguzia kasi. Kila unachoagiza utajiwe, programu lazima ikaiulize Word kwa kila mstari. Mtu aliyewasha yote ili akague barua moja ya mkurugenzi, kisha akasahau kuzima, atafanya kazi mwaka mzima akiamini kompyuta yake ni mbovu. Sababu ya pili ni mafaili ya Excel yaliyorithiwa. Laha ya Excel ina safu mlalo 1,048,576, na mara nyingi mtu fulani zamani alipaka rangi au kuchora mistari mpaka mwisho, hivyo faili lenye majina mia tatu linajitambua kuwa na safu laki kadhaa. Bonyeza Ctrl na End: mshale ukitua mbali kabisa na mahali taarifa zako zinapoishia, umeupata ugonjwa. Futa safu tupu zilizozidi, hifadhi, na ulifungue upya. Mwenzangu mmoja alikuwa akisubiri faili la mahudhurio mpaka anakwenda kunywa maji na kurudi. Baada ya kulisafisha, anasema sasa anakosa hata kisingizio cha kwenda kunywa maji.

Yapo mengine ninayoyapitia haraka, kwa kuwa fundi yeyote anayajua ingawa huyasahau. Word na Excel hupenda kuulizana na printa, na printa iliyowekwa kuwa ya kwanza ikiwa imezimwa au imeondolewa mtandaoni, kufungua waraka kunakuwa mtihani. Diski za mtandao zilizokatika huchelewesha kila dirisha la kufungulia mafaili. Programu za kuzuia virusi nazo ni suala: kisoma skrini, ili kijue kinachoendelea ndani ya programu nyingine, hupenyeza kipande chake ndani yake, na tabia hiyo ndiyo ileile ambayo walinzi wamefundishwa kuitilia shaka, hivyo hukikagua kila mara au hukizuia kabisa. Mwenye mamlaka ya usalama wa mtandao ndiye anayepaswa kukiingiza katika orodha ya wanaoaminika, na mtumiaji asijaribu kuuzima ulinzi huo mwenyewe. Wanaofanya kazi kwa kuunganishwa na kompyuta ya mbali wana shida yao ya ziada, kwa kuwa sauti yenyewe inasafiri kwenye mtandao. JAWS ina njia yake ya kuendesha kazi hiyo, na NVDA kuanzia toleo la 2025.1 imeingiza ndani yake uwezo wa kuunganisha kompyuta mbili zenye NVDA ili ile ya mbali isikike kwa sauti ya kompyuta iliyo mezani.

Baada ya yote hayo, ndiyo, wakati mwingine kosa ni la mashine, na hapa tunakubaliana na msomaji mwenzangu. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc usome nani anakula nini. Ukikuta diski inatajwa kuwa asilimia mia moja muda mwingi, na diski yenyewe ni ile ya zamani ya sahani inayozunguka, usiendelee kutafuta mchawi. Diski ya sahani huhitaji takriban milisekunde kumi kufikia kila kipande cha taarifa, wakati SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, huhitaji sehemu ndogo tu ya milisekunde moja, na kisoma skrini ni mtu wa kuomba vipande vidogo vidogo mara nyingi. Kompyuta yangu ya zamani, ile niliyonyang'anywa ili nipewe mpya, iliwekewa SSD na kuongezewa RAM kutoka GB 4 hadi 8, na sasa inatumiwa na mwenzangu mwenye uoni hafifu ambaye hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Kompyuta inayoanza siku vizuri na kuzorota kuelekea adhuhuri ni ya kukaguliwa feni na vumbi lake, kwa sababu prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Fundi anayekuja saa mbili asubuhi kuikagua hatauona ugonjwa huo kamwe. Kompyuta za mapajani zilizowekwa katika hali ya kubana umeme nazo hutambaa bila sababu nyingine yoyote. Najua pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zitaondolewa tupende tusipende. Huo ni uamuzi wa usalama, na ni halali. Usiitwe tiba ya uzito, maana kompyuta mpya itakayowekewa sauti ileile, nyongeza zilezile na faili lilelile la safu laki kadhaa itakuwa nzito vilevile, na safari hii itakosekana hoja ya kulilia.

Neno moja kwa mafundi kuhusu kupiga Windows upya, maana ndilo kimbilio la kwanza pale sababu isipojulikana. Mtumiaji wa kisoma skrini amejenga kwa miaka kamusi yake ya matamshi, vitufe vyake, kasi yake, namna anavyotaka kila programu isomwe. Vyote hivyo vimo kwenye folda moja inayonakiliwa kwa dakika chache, na NVDA inaweza hata kutengeneza nakala ya kubebwa kwenye flashi pamoja na mipangilio yote. Kwa JAWS kuna hatari zaidi: leseni yake ina idadi maalumu ya kuamilishwa, na kompyuta ikifutwa bila leseni kuondolewa kwanza, moja yaweza kupotea, na zikiisha, programu hufanya kazi kwa dakika arobaini kisha humlazimu mtu kuwasha kompyuta upya. Nimefanya kazi namna hiyo kwa siku tisa. Dakika arobaini, uzime, uwashe, uanze tena, huku mkubwa wako akikuuliza ripoti iko wapi.

Nimeona watu wakitaja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, kila linapokuja suala la vifaa vyetu, na ni kweli kwamba ibara ya 27 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha watu wenye ulemavu wanapatiwa marekebisho stahiki mahali pa kazi. Lakini marekebisho ninayoyaomba hayahitaji hata kikao cha bodi. Kitengo cha TEHAMA kimpe fundi mmoja siku mbili za kujifunza vitufe vya msingi vya NVDA, ambayo ni bure, ili ajue kuiwasha, kuinyamazisha na kuisikiliza bila hasira. Malalamiko ya mtumiaji yaandikwe kwa maneno yake: programu gani, faili gani, saa ngapi, baada ya kubonyeza nini, kwa sababu "kompyuta ni nzito" haimsaidii fundi kuliko "naumwa" inavyomsaidia daktari. Jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja na lisikilizwe kabla ya kubadilisha la pili. Na fundi asifunge kazi kwenye daftari lake mpaka mtumiaji amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, kisoma skrini kikizungumza, na kuirudia ile kazi iliyomshinda.

Msomaji mwenzangu aliyeandika barua ile alisema anasimamia ofisi yenye wafanyakazi wawili wasioona. Namwomba kwamba kabla hati ya manunuzi haijatiwa saini, fundi wake akae na kila mmoja wao kwa nusu saa, wakitumia hedifoni ya waya yenye kigawanyio ili wote wawili wasikie sauti ileile, na mfanyakazi afanye kazi yake ya kawaida bila kuongozwa. Yule kijana mstaarabu wa kwetu alifanya hivyo hatimaye, kwa kuchoka nadhani zaidi kuliko kwa kupenda. Dakika ya sita alivua hedifoni upande mmoja akaniuliza, "Kwani siku zote hukatika hivi?"

Wako,
Mtunza kumbukumbu asiyeona